Jumatano za Nesi

Sisi sote tulimwita Nesi, hata miaka mingi baada ya kustaafu, hata kanisani, hata kwenye matanga. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana kuanzia kiunoni, na alitembea haraka kama mtu anayeitwa wodini. Akiingia dukani pale Mwakingali, mtaa wetu wa Voi, waliokuwa wameketi walisimama, kisha wakatazamana, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasimame.

Alinawa mikono kupita kiasi. Alinawa kabla ya kushika kikombe, akanawa baada ya kushika pesa, na akishasalimiana na watu nje ya kanisa ungemwona anaelekea kwenye tenki la maji. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepauka na kujikunja kama ya mtu aliyeshinda kwenye karai la nguo. Wengine walisema ni maringo. Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuiangalia ile mikono, na sikudhani ni maringo.

Kilichojulikana zaidi ni ulimi wake. Alikuwa amefanya kazi muda mrefu katika kituo kimoja cha afya huko juu milimani, kituo ambacho siku hizi kimefungwa na mlango wake umefunikwa na magugu. Wanawake wa upande ule walikariri maneno yake. Mama akiwa kwenye uchungu analia, Nesi alimwuliza, "Siku ya kuitafuta hii mimba uliniita?" Maneno hayo nimeyasikia jikoni kwenye matanga, wanawake wakimenya viazi na kucheka. Kila aliyecheka alikuwa amelala kwenye kile kitanda cha kujifungulia.

Alipostaafu alihamia Voi, kwenye nyumba aliyoijenga pole pole, yenye ua na banda la kuku. Watu waliendelea kumwendea awapime presha, na aliwapima bure, akiwagombeza kwa chumvi. Siku moja alikuja mjane wa upande wa Ndara. Mumewe alikuwa ameuawa na ndovu pembeni mwa shamba, na kabla kaburi halijakauka wakwe zake wakasema ni yeye aliyeleta mkosi, wakamfukuza na watoto. Nesi alipomfunga ile kanda ya presha mkononi, mjane akaanza kusema na hakuweza kunyamaza. Nesi alimsikiliza mpaka kanda ikalegea yenyewe. Kisha akamwambia hayo hayawezi kusemwa hivyo kwa haraka, mkono ukiwa umefungwa. Aje Jumatano, aketi vizuri, aseme yote kutoka mwanzo, na yeye atamtafutia watu wa kumsikiliza.

Akawatafuta kweli. Alipita nyumba kwa nyumba, akawaambia wanawake waje, bila kuwaeleza ni kwa nini, na kwa kuwa walimwogopa, walikuja. Wakati huo kuku walikuwa wameshahamishwa, banda limefagiliwa na kupakwa chokaa, na mabenchi ya zamani ya kanisa yamepangwa. Ndivyo Jumatano zilivyoanza.

Alikuwa na masharti, na hayakujadiliwa. Chai ilinywewa kabla, si baada, kwa sababu, alisema, mtu akishasema ya moyoni chai haimshuki. Hakuna mtu kusema pole mpaka msemaji arudi kuketi. Hakuna kuuliza, "Sasa mbona hukuondoka?" Na kilichosemwa bandani hakivuki lango. Alinunua spika ndogo na maiki, ingawa lile banda lilikuwa dogo hata mtu akipiga chafya wote wanaitikia. Tulimwuliza maiki ni ya nini. Akasema wanawake wengi hapa maisha yao yote wameambiwa wapunguze sauti, na mmoja wao akishika maiki hakuna atakayemwambia aongeze wala apunguze.

Nimewaona wanawake wakiishika ile maiki kama kitu cha kuunguza. Alikuwepo mmoja aliyefanya kazi kwenye baa za barabarani, pale malori yanapolala, ambaye alisema akitutazama miguuni. Alikuwepo mama mmoja mzee kutoka Ronge, Mama Mghoi, aliyeitwa mchawi na kijiji chake mwenyewe mpaka akaacha nyumba na migomba yake. Wote hao Nesi aliwasikiliza bila kukunja uso, mikono ikiwa mapajani. Hapo ndipo nilianza kuchanganyikiwa, kwa sababu Nesi huyo huyo alikuwa amemfungia mlango binti wa dada yake aliyepata mimba kabla ya ndoa. Binti alikuja na begi lake, akasimama langoni asubuhi nzima, na Nesi hakutoka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na jioni tulikaa bandani tukimsikiliza mwanamke mwingine aliyefukuzwa na wazazi wake, na Nesi akaitikia kwa kichwa kila neno.

Wakati mmoja walikuja wageni kutoka Nairobi na kamera. Walikuwa watu wazuri, waliongea kwa upole, na walitaka dunia imsikie mjane wa Ndara. Mjane akasema, akafika mahali pa wakwe, akalia. Mwenye kamera akamwomba arudie pale, kwa sababu mwanga haukuwa mzuri. Nesi alisimama, akakunja kitambaa cha meza taratibu, pembe kwa pembe, akawaambia lango liko kule. Kiongozi wao akamweleza kwamba hiyo video ingewasaidia wanawake wengi. Nesi akasema, "Amelia mara moja. Imetosha." Walipoondoka alimgeukia mjane na kumgombeza vikali kwa nini amekubali kuvaa rinda lililochanika, wakati ana rinda zima nyumbani. Ikajulikana kwamba ni wageni waliomwomba avae lile. Nesi alikwenda kunawa mikono.

Kitu kimoja tu alishindwa kukisikiliza, na wote tulikijua ingawa hatukukisema. Mwanamke akianza habari za kujifungua, Nesi alikumbuka birika. Habari ikikaribia leba tu, yeye ameshasimama, anakwenda jikoni kuangalia kama maji yamechemka, na chai wakati huo tumeshakunywa zamani. Alirudi habari ikishapita.

Lazima sasa nijiseme mimi.

Mimba yangu ya kwanza niliipeleka kwenye kile kituo cha milimani. Nilikuwa binti mdogo, nimeolewa Mbololo, na uchungu ulinishika siku ya kwanza, ukanishika ya pili. Nililia. Nesi alikuja, akaniambia yale maneno aliyowaambia wengine, na nilipoendelea kulia akanipiga kofi la paja, kisha la uso. Alisema nikiendelea na kelele nitamuua mtoto. Mtoto alipotoka alikuwa hana uhai. Walimfunga kwenye kitambaa wakamwondoa, na mimi nikageuka ukutani, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ni kelele zangu.

Baada ya hapo mkojo haukusimama. Ulitoka wenyewe, mchana na usiku, nikiwa nimeketi na nikiwa nimesimama. Mume wangu alivumilia kidogo, kisha akanirudisha kwa mama yangu, na mama akanitengea chumba cha nje. Niliishi hivyo miaka. Nilikuja Voi kwa sababu hakuna aliyenijua, nikapanga chumba karibu na mfereji, nikafua vitambaa asubuhi kabla majirani hawajaamka. Sikuketi kwenye kiti cha mtu yeyote. Ilipokuja kambi ya madaktari wa fistula, ugonjwa wangu huo, jirani aliyeijua harufu yangu bila kuisema alinishika mkono akanipeleka. Nikafanyiwa upasuaji nikapona. Lakini hata nilipopona niliendelea kuvaa vitambaa, na kila nikiinuka niligeuka kutazama nilipoketi. Naandika haya na uso unaniwaka.

Mara ya kwanza nilipokwenda Jumatano, sikujua ni nyumba ya nani. Niliisikia sauti yake nikiwa langoni, nikakataa kuingia. Mjane wa Ndara, ndiye aliyenialika, akanisukuma kwa upole. Nesi alinisalimia kama alivyomsalimia kila mtu, akanipa kikombe, na sikuona chochote usoni mwake. Nikajiambia hanijui, amezalisha wengi mno. Nikaendelea kwenda. Watu wakiniuliza siku hizi kwa nini nilirudi kwenye nyumba ya mtu huyo, sina jibu la kujivunia. Nilikwenda nikiwa na chuki, na nikabaki kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo nilikaa benchi moja na watu.

Siku niliyosema haikupangwa. Alikuwa amesimama mwanamke kijana, mgeni, anaeleza mimba yake ya kwanza, na akafika siku ya kujifungua. Nesi akainuka kwenda kwenye birika. Yule kijana alimwona akitoka, akadhani amekosea, akasema, "Samahani, labda hii si ya hapa," akarudisha maiki mezani na kuketi. Niliona akijikunja pale kwenye benchi, na nilikujua kujikunja kule. Nikasimama kabla sijajiuliza.

Nilisema yote. Nilisema kitanda, na siku mbili, na yale maneno, na makofi. Nilisema mkojo. Neno hilo lilitoka kwenye spika likagonga mabati, na nikatamani kulimeza. Nesi nilimwita nesi tu, nesi mmoja wa kituo fulani. Nilitazama sakafu, lakini nilijua kwamba amerudi na amesimama mlangoni na birika mkononi, kwa sababu wanawake walikuwa wananitazama mimi, kisha mlango, kisha mimi.

Nilipomaliza hakuna aliyesema pole, ingawa nilikuwa nimeshateremsha maiki. Nesi aliweka birika chini. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hujasema huyo nesi ni nani."

"Wewe unamjua," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Akaja mbele, akanyoosha mkono apewe maiki. Nadhani alitaka kuomba msamaha, na nadhani ningempa hiyo maiki, kwa maana mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda. Ni Mama Mghoi aliyesema, "Keti, Nesi. Leo wewe sikiliza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anavyomwambia mgeni aketi mahali penye kivuli.

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Nesi akaketi chini, mkekani, akikunja magoti kwa shida, na rinda likapanda tukaona vifundo vyake vilivyovimba. Akakaa hivyo alasiri nzima. Yule kijana alirudi akamaliza habari yake. Kisha wakasimama wengine wa upande wa milimani, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na leba yake. Si wote waliomlaumu. Mmoja alisema damu yake ilikuwa inamwagika, na Nesi aliishika kwa mikono yake miwili mpaka gari lilipokuja, akimtukana muda wote, na kwamba bila yeye watoto wake wangekuwa mayatima. Alilia akisema hivyo, akiwa hajui amshukuru au la. Nesi hakuitikia kwa kichwa. Hakuenda popote. Alitazama mikono yake.

Nilidhani nitatoka pale nikiwa mwepesi. Watu husema hivyo, kwamba ukishasema unatua mzigo. Mimi nilitoka nimejaa aibu kuliko nilivyoingia. Niliona aibu kwa ajili yangu, kwa sababu sasa walijua. Niliona aibu kwa ajili yake pia, mzee wa watu ameketishwa sakafuni nyumbani kwake mbele ya wanawake aliowapa chai, na hiyo aibu ya pili iliniudhi, maana sikuona kwa nini niibebe mimi.

Na yaliyosemwa yalivuka lango. Sijui ni nani aliyeyavusha. Wiki hiyo nilikwenda kwa mama mmoja sokoni ninayenunua kwake mboga siku zote, akanipa stuli nipumzike, na nilipoinuka nikamwona anaipangusa kwa kitambaa akidhani sijageuka. Nilikuwa nimepona miaka mingi. Nilienda nyumbani nikajifungia.

Aliyekuja kunitoa ni Nesi mwenyewe. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango wangu, akasema amesikia kuna mtu ametoa maneno bandani, na kwamba amepita nyumba za wote waliokuwepo, moja moja, akawaambia hicho ni kitu cha aibu na wakome. Nilimjibu kutoka ndani kwamba yeye ndiye wa mwisho kumfundisha mtu aibu. Akasema, "Kweli," akaenda zake. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa anatembea polepole, na sikuwahi kumwona akitembea hivyo.

Tangu hapo hakuketi tena nasi. Jumatano ilipofika lango lilikuwa wazi, banda limefagiliwa, chai iko mezani, na yeye yuko ndani ya nyumba pazia likiwa limefungwa. Wengine walimhurumia wakataka arudi. Wengine waliacha kuja, wakasema hawawezi kunywa chai ya mkono ule. Mjane wa Ndara ndiye aliyeshika uongozi na anaushika mpaka leo, na habari za kujifungua sasa zinasemwa kuliko zote. Mama mmoja wa kanisani alijaribu kumtetea Nesi mbele ya Nesi mwenyewe, akasema zamani manesi walikuwa wachache na kazi ilizidi, hakuna ambaye asingekasirika. Nesi akamwambia, "Tuliokuwa na kazi nyingi ni wengi. Si wote waliopiga." Huyo mama alinisimulia mwenyewe, akiwa bado ameshangaa.

Mwaka huu mguu wake ulikufa, kisha mkono, akapelekwa Mbololo kwenye shamba la familia. Anayemtunza ni yule binti wa dada yake aliyefungiwa lango. Ndiye aliyenipigia simu. Alisema Nesi anakutaja, na kama unaweza, njoo, na kama huwezi hakuna wa kukulaumu. Nilikaa na hayo maneno siku kadhaa. Nilipanda kwa bodaboda asubuhi moja, nikiwa na unga na sukari, nikijiambia kwamba nakwenda kwa ajili ya binti.

Nilimkuta Nesi ameketishwa barazani kwenye kiti cha plastiki, shuka magotini, amekonda hata nikadhani ni mtu mwingine. Binti alituletea kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, akamlisha kijiko kimoja kimoja, kisha akatuacha. Maneno ya Nesi yalikuwa yanatoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalieleweka. Aliniuliza kama nina presha. Nikasema sina. Nilijiandaa kusikia msamaha, na kwa kweli nilikuwa naogopa, kwa sababu sikujua ningejibu nini.

Akasema, "Nilikujua siku ile ile ulipoingia langoni."

Nikamwuliza siku gani.

"Ya kwanza. Ulisimama ukakataa kuingia. Nilikujua."

Nikafikiria vile vikombe vyote vya chai. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema. Alisema aliona aibu, na kwamba kila Jumatano alijiambia atasema Jumatano inayofuata, na nikishika maiki mimi, yeye ataweza. Kisha nikaishika, na akaambiwa aketi, na ilikuwa haki. Lakini kitu alichotaka kusema siku ile, alisema, hakikuwa samahani peke yake. Kulikuwa na kingine ambacho si chake kukaa nacho.

Akaniuliza, "Waliwahi kukuambia alikuwa mtoto gani?"

Hakuna aliyewahi kuniambia. Mama mkwe alikuwepo pale nje ya kituo, na sikuthubutu kumwuliza, na baadaye akafariki. Mume hakutaka itajwe. Miaka yote hiyo, nikimfikiria, nilifikiria kile kitambaa. Nilitikisa kichwa.

"Msichana," akasema Nesi. "Mkubwa, mwenye afya. Nywele nyingi mpaka shingoni. Hakufa kwa kelele zako. Alikaa kwenye njia ya uzazi muda mrefu, na gari la hospitali nilipaswa kuliita siku ya kwanza, nikaona unadeka. Nilimwosha mimi. Nilimzika mimi na mlinzi, nyuma ya kituo, upande wa miti. Naweza kumwelekeza huyu binti akupeleke."

Alisema hayo akinitazama usoni, na jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi ambayo hakuweza kuyapangusa kwa ule mkono. Mtu mwingine angekuwa na neno la kumlaani au la kumsamehe, na yote mawili yangekuwa halali yake. Mimi nilikuwa nimeona aibu kwa ajili ya huyo mtoto kwa muda mrefu hivi, kana kwamba ni kosa nililolitoa mwilini, na sasa alikuwa na nywele.

Nikasogeza kiti changu karibu zaidi na upande wake unaosema.

"Sema tena," nikamwambia. "Alikuwaje?"

Naye akaanza tena, kutoka mwanzo.